Kitenzi "break down" kwa Kiswahili: Ndoa Iliyovunjika na Ndoa Iliyoharibika

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza, vinavyomtaabisha Mswahili kuliko vyote ni vile vya maneno mawili: kitenzi chepesi kijulikanacho na kila mwanafunzi, kikifuatwa na kijineno cha mahali kama "up", "off" au "down". Kila neno likiwa peke yake halina shida. Yakiungana, maana za kwanza hujificha na maana mpya huzaliwa. Makala haya yanakusudia kukichunguza kitenzi kimoja tu cha jamii hiyo, nacho ni "break down". Kimechaguliwa kwa sababu kimeingia katika sheria yetu ya ndoa, na mwandishi anaona kwamba tafsiri iliyozoeleka ya kitenzi hicho ina kasoro inayoweza kumpotezea mtu haki yake.

1. Umbo na maana

Mwanafunzi akutanapo na sentensi isemayo "the lorry broke down" hushawishika kuigawa vipande: "break" ni kuvunja, "down" ni chini, basi lori lilivunjika chini. Nimesahihisha tafsiri ya namna hiyo mara nyingi, wala siwacheki walioiandika. Wamefanya kama walivyofundishwa, yaani kulitafuta kila neno mahali pake katika kamusi.

Walakini Kiswahili chenyewe si kigeni kwa jambo hili. Mtu apigaye simu, apigaye pasi au apigaye magoti hakipigi kitu chochote. Akataye tamaa hana kisu, na walao njama hawana sahani mbele yao. Tofauti ni kwamba kwetu sisi kitenzi hupoteza uzito wake na jina linalokifuata ndilo hubeba maana. Kwa Waingereza mzigo huo hubebwa na kijineno. Mwalimu akianza na "piga" na "kata", wanafunzi hulielewa jambo upesi kuliko akianza na kanuni za Kiingereza.

Maana kuu za "break down" zaweza kupangwa hivi, kila moja na Kiswahili chake:

(a) Chombo kuacha kufanya kazi: gari limeharibika; mashine imeharibika.
(b) Mazungumzo, mapatano au uhusiano kushindwa kuendelea: mazungumzo yamevunjika.
(c) Mtu kuzidiwa na huzuni au uchovu: aliangua kilio; alizidiwa.
(d) Kuangusha kizuizi kwa nguvu: walivunja mlango, walibomoa ukuta.
(e) Kugawa hesabu au jambo kubwa katika sehemu zake: kuchanganua.
(f) Kitu kugeuka na kuwa vitu vidogo zaidi: chakula kumeng'enywa, majani kuoza.

Msomaji ataona mambo mawili. La kwanza ni kwamba Kiswahili huchagua kitenzi kwa kukitazama kwanza kile kilichopatwa na jambo. Mtungi huvunjika, ukuta hubomoka, kamba hukatika, nguo huchanika, gari huharibika. Mwingereza ana kitenzi kimoja na vitu vingi. Sisi kila jamii ya vitu ina kitenzi chake. Kwa hiyo swali la kwanza la mfasiri lisiwe "break down" ni nini kwa Kiswahili, bali ni kitu gani kilichopatwa na "break down".

La pili ni la mnyambuliko. Kwa Kiingereza, aliyevunja mlango na gari lililoharibika hutumia umbo lile lile. Kiswahili hakimruhusu msemaji kunyamaza juu ya mtenda: ama ni "vunja", ama ni "vunjwa", ama ni "vunjika". Tena kauli hii ya kutendeka, yenye -ika au -eka, ina kazi mbili. Methali isemayo "maji yakimwagika hayazoleki" inazionyesha zote mbili katika maneno matatu. "Yakimwagika" yaeleza hali iliyokwisha tokea, bila kutaja nani aliyemwaga. "Hayazoleki" yaeleza uwezekano, yaani hapana awezaye kuyazoa. Tutaihitaji tofauti hii baadaye, kwa sababu tafsiri ya sheria ya ndoa imezitumia kazi zote mbili katika kirai kimoja.

Kamusi zetu za Kiingereza na Kiswahili, tangu ile ya Madan ya mwaka 1894 na ile ya Johnson ya mwaka 1939 hadi ile ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1996, zina sifa kubwa ambayo hatuwezi kuipunguza. Hata hivyo, kwa jumla zimefuata njia moja: neno la Kiingereza, na mbele yake safu ya visawe. Njia hiyo yamfaa mtu anayejua Kiswahili vizuri na anayetaka kukumbushwa tu. Asiyejua atachukua kisawe cha kwanza, na kisawe cha kwanza cha "break", popote kikutwapo, ni "vunja". Hapo ndipo kosa huanza, na likiisha kuingia katika hati za serikali huwa gumu kuliondoa.

2. Ushahidi wa barabarani

Anayetaka kuisikia maana ya (a) ikitumiwa na wenyewe hana haja ya kwenda mbali na barabara kuu. Kati ya Bahi na Manyoni barabara itokayo Dodoma hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, na malori yaendayo Singida, na mbele zaidi Rwanda, Burundi na Kongo, huupanda kwa taabu. Reli ya Kati nayo hupanda ukuta huo huo. Manyoni ni mahali pazuri pa kusikiliza lugha ya vyombo vilivyogoma.

Mwandishi alipata nafasi hiyo bila kuitafuta, basi alilosafiria lilipoharibika na abiria wakakaa Manyoni kutwa nzima. Maneno aliyoyasikia kwa madereva na mafundi yalikuwa haya: gari limeharibika, likiwa na kasoro yoyote, limezima, ikiwa injini imenyamaza, limekwama, ikiwa ni tope au mchanga, limekufa, ikiwa fundi amekata tamaa. Hakuna hata mmoja aliyesema limevunjika. "Kuvunjika" kulitajwa mara moja tu, nako kulihusu kipande cha chuma kilichokatika vipande viwili.

Jambo jingine lastahili kuandikwa. Jina litokanalo na kitenzi chetu limekwisha ingia katika Kiswahili cha barabarani: brekidauni. Lakini brekidauni si kule kuharibika. Ni lile gari kubwa lijalo kuvuta lililoharibika. Chanzo chake si kigumu kukiona. Waingereza hulitaja gari hilo kwa maneno mawili, la kwanza likiwa jina la maafa na la pili jina la lori. Waswahili wamelichukua la kwanza na kuliacha la pili. Hivyo jina ambalo kwa Kiingereza ni la msiba, kwetu limekuwa la mwokozi, nalo likapewa ngeli yake: "brekidauni imekuja", "brekidauni zimekuja". Hiyo si lugha mbovu. Ni ushahidi kwamba wasemaji hawakuona haja ya kukopa neno la maana ya (a), kwa kuwa "haribika" liliwatosha kabisa. Walikopa pale tu walipopungukiwa.

Na maana ya "haribika" katika vinywa vyao ni hii: chombo hakifanyi kazi yake, lakini bado ni chombo, na mwenyewe bado ni mwenyewe. Lori lililolala kando ya barabara siku tatu halijaacha kuwa la tajiri wake; hati zake zingali halali, na shehena yake ina mwenyewe. Kwa kuwa limeharibika tu, mtu aweza kuuliza: je, latengenezeka?

3. Kitenzi hiki katika sheria ya ndoa

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ilitungwa mwaka 1971. Katika kifungu cha 99 inamruhusu mwanandoa kuiomba mahakama amri ya kutengana au ya talaka kwa sababu kwamba ndoa yake "has broken down". Lakini inakataza talaka isitolewe mpaka mahakama iridhike kwamba hali hiyo haiwezi kurekebishwa. Wazo hili halikuwa la Tanzania peke yake. Uingereza ilikuwa imepitisha sheria yake ya talaka mwaka 1969 kwa msingi huo huo, na Kenya inao katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Kusudi lake lilikuwa kuachana na desturi ya zamani ya kumtafuta mkosaji, na mahali pake kuiuliza ndoa yenyewe ingali inafanya kazi au la.

Yafaa kuzitazama hatua kwa utaratibu, kwa maana hapa ndipo neno lina uzito. Kwanza, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, mgogoro hupelekwa mbele ya baraza la usuluhishi wa ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha, hutoa hati ya kueleza hivyo. Pili, ombi la talaka hupelekwa mahakamani pamoja na hati hiyo, nayo iwe haijapita miezi sita tangu kutolewa. Tatu, mahakama husikiliza ushahidi na kuamua kama ndoa "has broken down", na kama hali hiyo yarekebishika au hairekebishiki. Nne, ikiridhika, hutoa amri. Kisha ndipo mahakama huwa na uwezo, kwa kifungu cha 114, wa kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi zao pamoja. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali hiyo. Lakini mgawo huo wategemea amri. Pasipo amri ya kutengana au ya talaka, kifungu hicho hakifunguki.

Sasa tuitazame tafsiri. Kirai kilichozoeleka katika vijitabu vya msaada wa kisheria na katika midomo ya mabaraza ni hiki: "ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika". Na kile afanyacho hakimu nacho huitwa "kuvunja ndoa". Basi msikilizaji huambiwa kwamba mahakama itaivunja ndoa ambayo imekwisha vunjika. Wakili hacheki, kwa kuwa amesoma Kiingereza na anajua kuwa nyuma ya maneno hayo mna vitenzi viwili tofauti. Mwananchi hana Kiingereza hicho nyuma yake.

Siku ile ya Manyoni, miongoni mwa waliokaa kivulini alikuwamo mama mmoja wa makamo, mkulima wa uwele na alizeti. Aliposikia kwamba mwandishi ni mwalimu wa lugha, alitoa katika mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne, akamwomba amsomee. Ilikuwa hati ya baraza moja la usuluhishi, ya miaka mitatu nyuma, iliyoeleza kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha na kwamba ndoa imevunjika.

"Hii ndiyo talaka yangu, mwalimu," alisema. "Waliniambia ndoa imevunjika, nami nikarudi kwetu. Sasa nasikia baba watoto anauza shamba tulilofyeka pamoja."

"Mama, ulipata kwenda mahakamani?"

"Kwenda kufanya nini, baba, na ndoa ilikuwa imevunjika?"

Mwandishi hakuwa na jibu la sarufi. Kwa Kiswahili cha kila siku mama yule alikuwa amesoma sawasawa. Kwa sheria, bado alikuwa mke wa mtu. Hati yake ilikuwa imepitwa na miezi sita kwa mara kadhaa. Na mahakama haikuwa imeulizwa lolote juu ya shamba. Hatudai kwamba neno moja ndilo lililoyaleta yote hayo. Umbali, nauli na haya vina sehemu yao. Lakini neno lilimwambia kwamba safari imekwisha, ilhali ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

4. Utetezi wa "imevunjika"

Mtu aweza kuitetea tafsiri ya sasa, na utetezi wake si dhaifu. Atasema: Kiswahili kina "imevunjika" na "imevunjwa", na tofauti ya kauli hizo ndiyo tofauti hasa inayotakiwa na sheria. Ndoa iliyovunjika ni ile iliyofikia hali fulani yenyewe; ndoa iliyovunjwa ni ile iliyokatwa na hakimu. Ni nini kizuri zaidi ya mzizi mmoja wenye kauli mbili?

Jibu letu ni kwamba hoja hiyo ni kweli katika jedwali la minyambuliko, lakini si kweli katika matumizi. Kauli ya kutendeka haimtaji mtenda, wala haisemi kwamba hakuwapo. Mtungi ukivunjwa na mtoto, bado twasema mtungi umevunjika. Kwa hiyo kila kilichovunjwa kimevunjika, na asemaye "ndoa yao imevunjika" aeleweka na watu wote kuwa anawataja watu walioachana, si watu wanaoelekea mahakamani. Isitoshe, kwa Waislamu ndoa huhesabiwa kuvunjika kwa talaka iliyotamkwa, ilhali sheria ya 1971 inataka mambo yaishie mahakamani hata hapo: talaka ikifuata hati ya baraza, mahakama ndiyo itamkayo kwamba ndoa imefikia hali isiyorekebishika. Neno moja linabebeshwa hali ya nyumba, tamko la mume na amri ya hakimu. Mzigo huo ni mkubwa mno.

Liko na kosa la pili, ambalo ni la ndani zaidi. Tumeona kwamba sheria ina daraja mbili: ndoa iliyo na "breakdown" tu, ambayo yatosha kwa amri ya kutengana, na ile ambayo "breakdown" yake haina dawa, ambayo ndiyo ya talaka. Kitenzi kifaacho ni kile kinachoacha nafasi kwa swali la kutengenezeka. "Vunjika" huacha nafasi ndogo sana. Mfupa uliovunjika huungwa, ni kweli, na hilo lapasa kukubaliwa. Lakini chungu, yai, mapatano na ndoa vikivunjika hatuulizi habari za fundi. Ndiyo maana ile nyongeza "kiasi cha kutorekebishika" humpita msikilizaji bila kumgusa. Kwake, kuvunjika kumekwisha kusema yote.

5. Pendekezo

Neno tunalolihitaji tayari lipo, na madereva wa Manyoni wanalo: ndoa imeharibika. Kutoka hapo daraja zote mbili za sheria hupatikana bila kulazimisha: ndoa imeharibika, na ndoa imeharibika kiasi cha kutotengenezeka. Kisha "kuvunja ndoa" liachwe kuwa kazi ya mahakama peke yake, lisitumiwe na baraza wala katika hati yake. Hapo twaweza kusema bila kujipinga kwamba mahakama huivunja ndoa iliyoharibika, na kila msikilizaji ataona vitendo viwili, vya watu wawili, kwa siku mbili tofauti.

Hatufichi kwamba "haribika" lina kasoro zake. Hutumiwa kwa mimba, ambayo ikiharibika haina marejeo. Hutumiwa kwa tabia, na hapo hubeba lawama. Wengine watapendelea "ndoa imeshindikana", ambalo watu hulisema kwa upole na halimlaumu mtu. Tumelipima, tukaona kwamba lina ukamilifu uleule unaolidhuru "vunjika": lililoshindikana limeshindikana, halina nusu. Kwa sheria yenye daraja mbili, "haribika" lafaa zaidi. Lawama iliyomo hufutika kwa sababu kitajwacho ni ndoa, si mke wala mume.

Zaidi ya neno hili moja, mambo mawili yawapasa wenye kazi ya kamusi na ya tafsiri. Kamusi ijayo iwapange vitenzi hivi vya maneno mawili kwa kufuata kitu kinachopatwa na jambo, kila maana na sentensi yake, isiwe orodha ya visawe. Na wafasiri wa sheria, ambao kazi yao imeongezeka sana tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, wasiridhike kwa kuuliza kama tafsiri ni sahihi mbele ya Kiingereza chake. Mahakama za mwanzo zilikuwa zikitumia Kiswahili tangu zamani, na vitabu vya sheria vilikuwa kwa Kiingereza. Katika pengo hilo wakili au hakimu alisimama akieleza. Sasa maandishi yenyewe yanamfikia mwananchi, na hana mtu wa kumweleza kilichokuwa nyuma yake.

Mpaka kazi hiyo itakapokamilika, liko jambo dogo lisilohitaji kamati wala kamusi. Hati ya baraza iandikwe chini yake, kwa herufi zinazosomeka: Hati hii haivunji ndoa, ipelekwe mahakamani kabla ya miezi sita. Laiti sentensi hiyo ingalikuwamo katika karatasi iliyokunjwa mara nne, mama yule angalijua kwamba ndoa yake ilikuwa imeharibika tu, na kwamba shamba lake lilikuwa bado na wa kulisemea.